Kuinuka Kitini Kwanza: Mwongozo Kamili wa Mazoezi ya Nyumbani kwa Mzee Dhaifu Mwenye Ugonjwa wa Moyo

Mzee akitoka hospitali baada ya moyo kumjaza maji, nyumba nzima humgeuza yai. Maji ya kunywa huletewa, chai huletewa, ndoo ya kuogea hubebewa, hata rimoti ya televisheni hutiwa mkononi. "Pumzika baba, usijisumbue." Ni mapenzi, wala hakuna anayebisha. Lakini wiki mbili hazijaisha, yule aliyekuwa akijiendea msikitini hawezi kuinuka kwenye kochi mpaka avutwe na watu wawili, na kila mtu anasema ni moyo. Mara nyingi si moyo peke yake. Kilichoisha ni mapaja.

Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo. Kazi yangu ni kuwafuata wagonjwa majumbani hapa Mombasa, Mji wa Kale, Majengo, Kisauni, mara nyingine ng'ambo Likoni. Mwongozo huu nawaandikia wanaouguza: mwana, mkaza mwana, mjukuu aliyeachiwa bibi. Unamhusu mtu mzima wa miaka 60 na kuendelea ambaye daktari amesema moyo wake hausukumi damu vizuri (wengine huambiwa "moyo mkubwa", wengine "moyo umejaa maji"), naye ni dhaifu: anatembea pole pole, anachoka haraka, anashika ukuta.

Nianze na kosa langu. Zamani nilidhani zoezi la moyo ni kutembea, basi. Nilikuwa na mzee mmoja wa Kibokoni, kila jioni nikimtembeza uchochoroni, leo hatua 100, kesho 150. Akafika 300, nikafurahi. Wiki hiyo hiyo akaanguka usiku kwenye kizingiti cha choo, hatua 6 tu kutoka kitandani. Nilikuwa nimemfundisha kwenda mbele moja kwa moja, mchana, nikiwa nimemshika mkono. Kugeuka, kuinua mguu kuvuka kizingiti, kusimama bila kushikwa, hayo sikumfundisha. Tangu hapo mpango wangu huanza na usawa wa mwili na kuinuka kitini. Safari ndefu hungoja.

Sikulibuni mimi jambo hili. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Marekani uitwao REHAB-HF, wa wagonjwa 349 wa miaka 60 na zaidi waliolazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kazi. Takriban wote, 97 kwa kila 100, walikuwa dhaifu au wanaelekea kudhoofika, na kwa wastani kila mmoja alikuwa na magonjwa mengine 5. Nusu yao walipewa mazoezi ya mambo manne: usawa, nguvu, wepesi wa kujisogeza na ustahimilivu. Walianza wakiwa wodini, kisha wakaendelea wiki 12, mara 3 kwa wiki, dakika 60 kila mara, kila mtu kwa ngazi yake. Baada ya miezi 3 waliofanya mazoezi walipata alama 8.3 kati ya 12 katika kipimo cha miguu na usawa, wenzao 6.9. Tofauti hiyo kwa mzee ni kubwa. Ndiyo inayomwezesha kwenda chooni peke yake badala ya kungoja mtu.

Ila nisikudanganye. Katika miezi 6, mazoezi hayo hayakupunguza idadi ya kurudi hospitali kwa kiasi cha kuaminika, wala vifo. Anayekuuzia mazoezi kama dawa ya kuponya moyo anakuuzia upepo. Tunachotafuta hapa ni mzee ajimudu. Tena wale walisimamiwa na wataalamu, kwa hiyo vipindi vya kwanza vifanyike mbele ya fizio, hata kama ni mara mbili tatu tu, ndipo nyumba iendelee.

Hatua ya 1: Ruhusa ya daktari

Usianze bila hiyo. Nenda kliniki ya moyo, iwe Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara au popote anapotibiwa, na uulize waziwazi: Je, maji mwilini yametulia? Kuna mlango wa moyo uliobana sana? Mapigo yana hitilafu? Presha yake iwe kati ya ngapi na ngapi? Anywe maji kiasi gani kwa siku? Andika majibu kwenye daftari, maana ukifika nyumbani kila jamaa atakuwa na lake.

Asiyefanya mazoezi kwa sasa ni huyu: anayehema hata akiwa amekaa, mwenye maumivu ya kifua, aliyezimia karibuni, mwenye homa, mwenye mlango wa moyo uliobana vibaya ambao haujatibiwa, na yule ambaye uzito wake unapanda kila kukicha.

Hatua ya 2: Ukaguzi wa asubuhi

Kila siku, akishatoka chooni na kabla ya kunywa chai, mzee apande mizani akiwa na nguo nyepesi zile zile. Mizani iwekwe juu ya sakafu ngumu. Ukiiweka juu ya mkeka au zulia itakudanganya. Andika kilo. Zikiongezeka zaidi ya 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji wala si unene wa biriani. Siku hiyo hakuna mazoezi, piga simu kliniki.

Kisha bonyeza mfupa wa mguu juu ya kifundo kwa kidole. Likibaki shimo kubwa kuliko la jana, andika. Muulize amelalia mito mingapi. Aliyezoea miwili akaomba wa tatu, au aliyeamka usiku akatafuta dirisha apate pumzi, anakwambia habari ya moyo wake kabla hata ya mizani.

Kama mna mashine ya presha, pima akiwa amekaa dakika 5, kisha pima tena akiwa amesimama dakika 1 hadi 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au akiona kizunguzungu, fanyeni mazoezi ya kukaa tu na umjulishe daktari. Mapigo yakiwa zaidi ya 120 kwa dakika akiwa ametulia, ahirisha. Mwenye kisukari anayedungwa sindano ya insulini apimwe pia. Sukari ikiwa chini ya 5 (mmol/L), ale kitu kwanza.

Hatua ya 3: Mahali, kiti na leso

Nyumba zetu za Kiswahili zina neema moja: ukumbi. Ule ushoroba unaokata nyumba kutoka mlango wa mbele hadi uani ni chumba cha mazoezi kisichokodishwa. Una kivuli, una kuta mbili za kushika, na sakafu yake huwa sawa. Toa baiskeli, toa mitungi ya maji, kunja mikeka. Wa maghorofani Mji wa Kale, ambako ngazi zimesimama kama za mnara, fanyeni chumbani na ngazi muiache mpaka nitakapofika huko.

Kiti kiwe na mgongo na mikono, urefu wake kama sentimita 45, na kiegemee ukuta. Kiti cha plastiki juu ya sakafu ya terazo huteleza na miguu yake hufunguka. Nimeona kikimkalisha bibi chini. Kochi lenu zuri la sebuleni ndilo adui mkubwa zaidi, maana mzee akizama humo magoti hupita kiuno na hakuna paja la kumtoa. Baraza la nje likiwa na kimo kizuri linafaa sana, na tena hapo atasalimiana na wapitao.

Viatu viwe vya kufunga kisigino. Ndara hapana, na soksi juu ya sakafu hapana kabisa.

Leso, yaani kanga, ikunje kwa urefu mara kadhaa, umfunge kiunoni kwa fundo imara. Hapo ndipo utakapomshikia. Usimvute mkono wala usimwinue kwapani, bega la mzee huchomoka upesi. Simama upande wake, nyuma kidogo, mkono mmoja kwenye leso. Kwa mzee mwanamume, mwombe radhi kwanza. Wengine huona haya kufungwa leso. Wape kikoi kilichokunjwa.

Hatua ya 4: Mpime kabla ya kuanza

Kipimo hiki ndicho walichotumia kwenye ule utafiti, chahitaji simu yenye saa ya kuhesabu sekunde na futi kamba. Kina sehemu tatu, kila moja alama 4.

Kwanza usawa. Asimame miguu sambamba sekunde 10: akiweza, alama 1. Halafu kisigino cha mguu mmoja kiwe ubavuni mwa kidole gumba cha mwingine, sekunde 10: alama 1 nyingine. Mwisho mguu mmoja mbele ya mwingine kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole: sekunde 10 ni alama 2, kati ya 3 na 10 ni alama 1. Akishindwa hatua moja, usiende ya mbele. Wewe uko pale pale, mikono tayari.

Pili mwendo. Pima mita 4 ukumbini, weka alama kwa chaki. Atembee mwendo wake wa kawaida, na bakora yake kama anayo. Chini ya sekunde 4.82 ni alama 4, mpaka 6.20 ni 3, mpaka 8.70 ni 2. Zaidi ya hapo 1. Mpime mara mbili, uchukue ile bora.

Tatu kiti. Mikono ikunjwe kifuani, ainuke na kukaa mara 5 bila kupumzika. Kwanza ajaribu mara moja. Asipoweza bila mikono, andika 0 na usimlazimishe. Akiweza zote 5 kwa sekunde 11.19 au chini ya hapo ni alama 4, mpaka 13.69 ni 3, mpaka 16.69 ni 2. Zaidi ya hapo hadi dakika moja ni 1.

Jumlisha. Wale wa REHAB-HF walianza na wastani wa karibu 6. Mzee wako akipata 3 usimwonyeshe uso wa msiba. Angalia ni sehemu gani iliyomwangusha, maana huko ndiko kwa kuanzia. Aliyekosa alama za kiti anataka mapaja, aliyekosa za usawa anataka kusimama.

Hatua ya 5: Kujua kiasi gani kinatosha

Wengi hutumia dawa zinazopunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo ile hesabu ya mapigo ya vijana wa jimu haifai hapa. Tumia mdomo. Mzee akiwa kazini aweze kukuhadithia kisa kwa sentensi nzima, lakini asiweze kukuimbia taarabu. Akiweza kuimba, ongeza kidogo. Akijibu kwa neno moja moja, mpumzishe. Wataalamu wana mizani ya jitihada ya Borg, kuanzia 6 hadi 20. Sisi twalenga 11 hadi 13, yaani "nyepesi" hadi "nzito kidogo". Akimaliza, pumzi irudi kawaida ndani ya dakika 10. Akilala mchana kutwa kwa uchovu, au kesho yake akaamka hajiwezi, jana mlizidisha.

Hatua ya 6: Zoezi lenyewe

Ngoja saa moja na nusu baada ya chakula. Ngoja pia ile dawa ya kutoa maji imalize kazi yake. Hakuna anayefanya zoezi la usawa huku amebanwa na mkojo, na kukimbilia choo ndiko kunakoangusha watu. Siku 3 kwa wiki zinatosha, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi. Siku za kati ni za kutembea kidogo tu.

*Kupasha mwili, dakika 5 hadi 8.* Akiwa amekaa: nyayo juu chini kama anayekanyaga cherehani, magoti kupanda zamu kwa zamu, mabega kuzunguka, viganja kufumba na kufumbua. Usiruke sehemu hii. Moyo dhaifu haupendi kushtuliwa, na dakika hizi ndizo hufungua mishipa ya miguu ili damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu.

*Kuinuka kitini.* Hili ndilo zoezi mama. Kama una dakika 5 tu kwa siku, fanya hili.

Asogee mbele mpaka nusu ya mapaja iwe nje ya kiti. Nyayo zirudi nyuma kidogo chini ya magoti, zikiachana kwa upana wa nyonga. Ainamishe kifua mbele, pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo asukume sakafu. Wazee wengi hushindwa kwa kuwa wanajaribu kupanda juu wima kama lifti. Ukimwambia "pua mbele" tu, nusu ya tatizo huisha. Wakati wa kuinuka atoe pumzi. Kubana pumzi na kukaza hupandisha presha ghafla. Kwa Waislamu nimepata njia rahisi: aseme "Bismillahi" kwa sauti anapoinuka, na pumzi hutoka yenyewe. Wengine wahesabu kwa sauti. Kushuka kuwe pole pole, hesabu tatu, asijitupe. Kule kushuka polepole kunajenga paja sawasawa na kupanda.

Asiyeweza kabisa, ongeza kimo: weka mto mgumu au kipande cha godoro lililokunjwa juu ya kiti. Aanze kwa kusukuma mikono ya kiti. Mara 3 hadi 5, apumzike dakika 2, arudie. Wiki kwa wiki utatoa mto, halafu mkono mmoja, halafu mikono yote. Akifika mara 10 mara mbili bila mikono, mwache ashike chupa ya maji ya nusu lita kila mkono. Akina bibi waliokuna nazi kwenye mbuzi miaka 40, wakiinuka na kuketi mara kumi kwa siku, walikuwa wakifanya zoezi hili bila kujua. Mashine ya kusaga nazi ilipokuja, mapaja yakastaafu.

*Usawa.* Asimame kati ya kiti na ukuta, au pembeni mwa meza ya jikoni, wewe ukiwa kwenye leso. Anza pale alipofika kwenye kipimo. Aliyeweza miguu sambamba afanye kisigino kwa kidole gumba, mikono miwili imeshika, kisha mkono mmoja, kisha vidole viwili tu, kisha mikono ikielea juu ya meza. Sekunde 10, mara 5. Baadaye ageuze kichwa kulia na kushoto kama anayetoa salamu mwishoni mwa swala. Hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Usimfumbe macho nyumbani, hilo niachieni.

*Visigino na vidole.* Ameshika meza, ainue visigino mara 8 hadi 10, kisha ainue vidole vya mbele. Misuli ya shavu la mguu husukuma damu kurudi moyoni, nayo ndiyo hushika mwili usianguke mbele.

*Kujisogeza.* Hapa ndipo mzee wangu wa Kibokoni aliponifunza. Weka kamba au fimbo sakafuni, aivuke kwa kuinua goti, mbele kisha pembeni. Atembee hatua 4, ageuke kwa hatua ndogo ndogo za mviringo, asijizungushe juu ya mguu mmoja. Afanye mazoezi ya kutoka kitandani: ubavu kwanza, miguu ining'inie, akae dakika 1 akichezesha nyayo, ndipo asimame. Fanyeni safari ya chooni mchana kama mtihani, na kizingiti na mlango wake, mara 3. Kisha wekeni taa usiku.

Ngazi zaja baadaye, akishainuka kitini mara 5 bila mikono. Mguu wenye nguvu hutangulia kupanda, wenye udhaifu hutangulia kushuka. Ngazi 3 hadi 4, pumzika, endelea. Wewe uwe chini yake daima, anapopanda na anaposhuka.

*Kutuliza mwili, dakika 5.* Arudi kwenye kiti, nyayo juu chini, pumzi ndefu. Asiketi ghafla wala asiende kuoga maji ya moto mara moja.

Hatua ya 7: Kutembea

Sasa ndiyo safari. Mzee dhaifu hatembei dakika 30 mfululizo, na hana haja. Aanze dakika 1 hadi 2 ukumbini, akae dakika 2, arudie mara 4 au 5. Kila siku chache ongeza nusu dakika ya kutembea kabla hujapunguza mapumziko. Lengo la kwanza ni jumla ya dakika 10 za kutembea, na mapumziko ya kutosha katikati. Lengo la pili dakika 20. Akifika 30 pole pole, mshukuru Mungu, hana deni.

Viti viwekwe njiani: kimoja ukumbini mwanzo, kimoja mwisho. Bakora ishikwe mkono ulio kinyume na mguu mbovu, na kimo chake kifike kwenye kifundo cha mkono akiwa amesimama wima mkono umening'inia. Nimeona bakora za urithi wa babu zilizomzidi mtu kimo. Hizo ni za picha ya harusi. Mwenye kuyumba sana apewe kiunzi cha kutembelea cha miguu minne, asione haya.

Hatua ya 8: Kupandisha

Ongeza kitu kimoja kwa wakati. Ukiongeza mara za kuinuka, usiongeze dakika za kutembea wiki hiyo. Vipindi viwili mfululizo vikienda vizuri, panda kiwango kimoja. Akiugua mafua, akikosa usingizi, akikosa vipindi vya wiki nzima, rudi nyuma viwango viwili na usihesabu kuwa ni hasara. Wiki ya 4, ya 8 na ya 12 rudia kipimo cha Hatua ya 4. Kupanda kwa alama 1 kwa mzee ni jambo kubwa. Nyumba nyingine hupika pilau. Lisiwe na chumvi nyingi.

Mambo ya Mombasa

Joto la kaskazi, Desemba hadi Machi, ni zoezi tosha kwa moyo dhaifu hata mtu akiwa amekaa. Ngozi hudai damu ili ipoe, miguu nayo hudai, na moyo hauna cha kutosha kuwapa wote. Miezi hiyo fanyeni kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, feni ikiwaka, mlango wa mbele na wa uani wazi upepo upite. Akitapika au akiharisha huku anameza dawa ya kutoa maji, acha zoezi na umpigie daktari siku hiyo hiyo.

Dafu ni tamu lakini lina potasiamu nyingi. Anayetumia spironolactone (dawa ya moyo inayobakiza potasiamu mwilini) asinywe ovyo bila kuuliza kliniki. Papa na ng'onda, achari, vidonge vya mchuzi: hivyo vyote ni chumvi iliyovaa nguo nyingine.

Magoti yatauma mwanzoni. Hapo jirani ataleta kidonge cha diclofenac au ibuprofen kutoka duka la dawa. Kikatae kwa adabu. Dawa za kundi hilo hufanya maji yabaki mwilini, huumiza figo, na zinaweza kumrudisha mtu wodini ndani ya siku chache. Kanda kwa kitambaa cha moto, uliza daktari kuhusu parasetamoli.

Swala. Kuinama kwenye rukuu na sujudu huwakata pumzi wengi wenye ugonjwa huu, na kuinuka kutoka sujudu huleta kizunguzungu. Dini imeruhusu asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa, kwa hiyo asijitese. Ila wapo wanaohamia kitini kwa swala, kisha wakahamia kitini kwa kila kitu. Mwambie: "Babu, swala kaa, lakini kwenda kutawadha utakwenda kwa miguu." Safari 5 za udhu kwa siku ni mazoezi yasiyohitaji ratiba. Vigae viwekewe mpira usioteleza.

Ramadhani ikikaribia, mpeleke kliniki wiki kadhaa kabla. Wengi wanaotumia dawa ya kutoa maji hushauriwa wasifunge, na hilo laamuliwa na daktari pamoja naye, si na majirani. Aliyeruhusiwa afanye mazoezi mepesi saa moja na nusu baada ya kufuturu. Tarawehe ahesabu kuwa ni zoezi la siku.

Akishaweza dakika 10 mfululizo, mpeleke bustani ya Mama Ngina jioni. Njia ni pana, viti vipo, upepo wa bahari unampokea. Wa Likoni, kumbukeni mteremko wa kupandia feri huwa mkali maji yakikupwa, na watu hukimbia. Chagueni saa isiyo na msongamano, na msimwache mzee asukumwe na umati.

Simamisha papo hapo

Akae chini akisema kifua chauma au chabana, moyo unadunda ovyo, macho yanafanya giza, au pumzi imekata hata hawezi kumaliza neno. Vivyo hivyo akitoka jasho baridi au midomo ikibadilika rangi. Mkalishe, usimlaze chali mwenye pumzi fupi, fungua nguo shingoni. Hali isipotulia kwa dakika chache, au akizimia, au mdomo ukipinda na maneno yakapotea, ni hospitali mara moja. Piga 999 au 112, lakini pia uwe na namba za madereva wawili wa teksi au tuktuk wanaoijua nyumba yenu, zilizobandikwa mlangoni. Mitaa yetu mingine gari haliingii, kwa hiyo amueni mapema nani atambeba na kwa kiti kipi mpaka barabarani.

Kazi ya nyumba nzima

Kaeni kikao kifupi, mgawane: huyu mizani, huyu leso, huyu daftari. Halafu mkubaliane kumwachia mzee kazi zake tatu. Kikombe chake akifuate mwenyewe. Mgeni akibisha hodi mlangoni, yeye ndiye aende kuitikia, hata kama mgeni atangoja kidogo. Nguo zake azikunje akiwa amesimama. Mwanzoni mtaona vibaya kumtazama akijikokota. Bibi mmoja wa Majengo alilalamika kwa majirani kuwa wajukuu wamemgeuza kijakazi. Wiki ya 6 nilibisha hodi nikasikia "Karibu!" kutoka kitini, kisha kimya, kisha "Bismillahi", kisha mlango ukafunguka.